Matundu ya hewa kwenye kontena la mjusi: ubavuni, chini au kwenye mfuniko?

#1 GambaLaini
Habari zenu wanajukwaa. Nina kontena la plastiki lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 40 na kimo cha 30, ambalo nataka liwe makazi ya mjusi-chui (Eublepharis macularius) ambaye bado ni mdogo. Chini, upande mmoja, kutakuwa na mkeka wa joto unaoongozwa na themostati, na upande wa pili kutakuwa na kificho chenye unyevu. Maelekezo niliyoyasoma yanapingana. Wako wanaosema matundu yote yawe kwenye mfuniko kwa sababu hewa ya moto hupanda, wako wanaosema mfuniko usiguswe kabisa, na wako wanaosema yatobolewe chini kwa sababu hewa chafu ni nzito. Mimi naelekea kwenye hoja hiyo ya mwisho, kwa kuwa kaboni dioksaidi ni nzito kuliko hewa na mjusi huyu anaishi sakafuni, lakini kabla sijatoboa ningependa kuwasikia waliokwisha kuifanya kazi hii. Naomba pia kujua ukubwa wa tundu, idadi, na kama nitumie drili au chuma cha moto.

#2 ChatuMtulivu
Karibu, GambaLaini. Hoja ya kaboni dioksaidi iweke pembeni. Ni kweli kwamba molekuli yake ina uzito wa 44 ilhali wastani wa hewa ni karibu 29, lakini gesi zilizokwisha kuchanganyika hazijitengi na kutulia chini kama mashapo ya chai. Pumzi ya mnyama hutoka ikiwa imechanganyika na hewa nyingine, na mkeka wa joto unaikoroga hewa ya ndani mchana na usiku. Isitoshe, mjusi aliyetulia hutumia oksijeni kidogo sana akilinganishwa na panya wa uzito uleule. Matundu kazi yake kubwa ni kutoa unyevu uliozidi, na pia amonia inayotokana na kinyesi kilichokaa kwenye matandiko yenye majimaji. Ukilielewa hilo, swali la mahali pa kutoboa litakuwa jepesi zaidi.

#3 FundiKekee
Kabla ya kuzungumzia mahali, geuza kontena utazame chini yake. Ndani ya pembetatu ndogo utakuta namba. Ikiwa ni 5, hiyo ni polipropilini, plastiki inayopinda, yenye ukungu kidogo, ambayo hutoboka bila matata. Ikiwa ni 6, hiyo ni polistairini, ambayo ni angavu na inapendeza macho, lakini hupasuka kwa urahisi, na ufa ukishaanza hutembea hadi ukingoni.

Kwa polipropilini, bandika selotepu ya karatasi mahali unapotaka kutoboa, weka alama zako juu yake kwa rula, kisha egemeza kipande cha ubao mlaini nyuma ya ukuta na ukibane kwa jiriwa ndogo. Zungusha drili polepole. Ukikimbiza drili, plastiki huyeyuka, hujiviringisha kwenye biti, na tundu linatoka likiwa na ndevu pande zote. Kwa polistairini usitumie biti ya kawaida ya chuma, kwa sababu ncha yake huuma ghafla inapokaribia kutokea upande wa pili, na hapo ndipo ukuta unapopasuka. Tumia biti ya ngazi, au anza na biti ya milimita 2 huku drili ikizunguka kinyume hadi ipate kidimbwi cha kuanzia. Usitoboe plastiki iliyotoka kwenye baridi. Iache ipate joto la chumba kwanza.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni upande wa kutobolea. Toboa kutoka ndani kwenda nje, ili ndevu na makali yote yabaki nje ambako mnyama hafiki. Baada ya hapo pitisha kidole ndani, polepole, tundu kwa tundu. Ukihisi chochote kinachokwaruza, kata kwa kisu chenye makali kisha maliza kwa msasa laini.

#4 UnyevuKwanza
Nakubaliana na FundiKekee kuhusu namba ya plastiki. Kuhusu mahali, mimi ni wa ubavuni tu, na mfuniko ubaki mzima. Ninafuga chatu-mpira (Python regius), ambaye hupendelea unyevunyevu wa takribani asilimia 60 hadi 80. Kontena lake la kwanza lilikuja na mfuniko wa wavu, na hapakuwa na kiasi cha maji kilichotosha: asubuhi nanyunyiza, jioni matandiko yamekauka, na alipojivua gamba lilitoka vipande vipande, huku kipande kimoja kikibaki juu ya jicho. Nilipomhamishia kwenye kontena lenye mfuniko mzima na matundu ubavuni peke yake, gamba lilianza kutoka zima, kuanzia puani hadi ncha ya mkia, kama linavyopaswa kutoka. Hewa yenye joto na mvuke hukusanyika juu. Ukiifungulia mlango juu, inaondoka na maji yako yote.

#5 MjusiWaJangwa
UnyevuKwanza, heshima yako, lakini chatu-mpira na mjusi-chui hawawezi kupewa maelekezo yaleyale. Mjusi-chui asili yake ni maeneo makavu na yenye mawe ya Afghanistan, Pakistan na India, na unyevu wake anautafuta ndani ya mashimo na chini ya mawe. Anachohitaji ni kontena lenye hewa kavu kwa ujumla, pamoja na kificho kimoja chenye unyevu cha kuingia anapotaka kujivua gamba. Kontena lote likiwa na unyevu, hana tena nafasi ya kuchagua.

Ndiyo maana mimi hutoboa mfuniko bila woga. Hata hivyo msisahau kwamba joto lenyewe hukausha. Hewa ya chumba yenye nyuzi 24 na unyevunyevu wa asilimia 50, ikiingia kontenani na kupashwa hadi nyuzi 30, unyevunyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 35 bila tone lolote la maji kuondoka.

#6 GambaLaini
Asanteni sana. Namba chini ya kontena langu ni 5, kwa hiyo hilo limekwisha. Sasa kuna jambo nililoliona nikijaribisha mkeka wa joto kabla ya kumleta mjusi. Nimeweka matandiko ya makumbi ya nazi yaliyosagwa na yenye unyevu kidogo, mfuniko nikauegesha tu bila kuufunga, na kila asubuhi nakuta matone kwenye ukuta wa upande wa baridi, yamejipanga kutoka katikati ya ukuta kwenda juu, ilhali upande wa joto ni mkavu kabisa. Je, hiyo ni dalili kwamba matundu yatahitajika mengi?

#7 ChatuMtulivu
Ndiyo. Matone ukutani maana yake hewa haitoki. Ongeza matundu hadi ukuta ubaki mkavu.

#8 HesabuZaHewa
Naomba kutofautiana na bandiko la #7. Matone yanasema jambo moja tu: kwamba ukuta ni wa baridi kuliko kiwango cha umande cha hewa iliyougusa, yaani joto ambalo mvuke wake huanza kugeuka matone. Chukueni hewa ya nyuzi 28 yenye unyevunyevu wa asilimia 70. Kiwango chake cha umande ni karibu nyuzi 22. Chumba kikipoa usiku hadi nyuzi 20, ukuta mwembamba wa plastiki utashuka chini ya 22, na matone yatatokea hata kama hewa inabadilika vizuri. Mleta mada ameona matone asubuhi, upande wa baridi, nusu ya juu. Hapo ndipo hewa yenye joto iliyopanda upande wa mkeka inapogusa ukuta uliopoa inaposhuka. Inawezekana kabisa kwamba tatizo si matundu bali ni chumba kupoa usiku, na ukitoboa mno utapoteza unyevu mchana bila kuzuia matone alfajiri.

Pili, naona kila mtu anahesabu idadi ya matundu, na hakuna anayehesabu eneo. Tundu la milimita 6 lina eneo la takribani milimita za mraba 28, na la milimita 3 lina 7 tu. Kwa hiyo anayesema «nimetoboa matundu 20» hajatuambia kitu mpaka ataje kipenyo, kwa sababu matundu 20 ya milimita 3 ni sawa na matano tu ya milimita 6.

Tatu, kinachosukuma hewa ni tofauti ya kimo. Matundu yote yakiwa kwenye mstari mmoja ubavuni, hewa ya moto haina sababu kubwa ya kutoka wala ya baridi kuingia. Weka safu moja chini upande wa baridi na safu nyingine juu upande wa joto, na mkeka wenyewe utaivuta hewa kutoka huku kwenda kule.

#9 FundiKekee
HesabuZaHewa, umetuletea mhadhara mzima, nami nimeusoma hadi mwisho kwa raha. Nakuunga mkono kuhusu safu mbili. Kwenye utekelezaji, safu ya chini iwe juu ya usawa wa matandiko kwa sentimita tatu au nne, la sivyo mnyama atayafukia matundu kwa makumbi na safu yote itakuwa haifanyi kazi.

#10 JaniBichi
Mimi si mfugaji mkubwa, nina nyoka mmoja tu, lakini kazi yangu ni mimea, na hesabu ya eneo iliyotolewa kwenye #8 inahitaji nyongeza. Mwaka 1900, wanasayansi Brown na Escombe walichunguza jinsi gesi zinavyopenya kwenye matundu madogo, wakiwa na nia ya kuelewa vinyweleo vya majani. Waliona kwamba katika utando mwembamba, kiasi cha gesi kinachopenya tundu dogo kwa kusambaa chenyewe hufuata kipenyo cha tundu, si eneo lake. Maana yake, matundu manne ya milimita 3 yana eneo sawa na moja la milimita 6, lakini hupitisha mvuke mara mbili zaidi, mradi yawe mbalimbali. Waligundua pia kwamba yakitenganishwa kwa umbali wa kama vipenyo 10 hayasumbuani tena. Kwa tundu la milimita 3 hiyo ni sentimita 3 kati ya moja na jingine. Ndivyo jani linavyopoteza maji mengi ingawa sehemu iliyo wazi ni ndogo mno.

Kwa hiyo ushauri wangu ni matundu madogo mengi yaliyotawanywa. Makubwa machache hayatafanya kazi hiyo.

#11 HesabuZaHewa
JaniBichi, hilo ni jambo zuri sana na sikuwa nimelihusisha na makontena. Naomba nilirekebishe kidogo tu. Kanuni hiyo ni ya utando mwembamba. Ukuta wa kontena una unene wa kama milimita 2, na tundu la milimita 3 ndani ya ukuta huo ni kama bomba fupi, kwa hiyo mvuke unapata kizuizi cha ziada ndani ya tundu lenyewe. Ukiuingiza unene huo kwenye hesabu, faida ya matundu manne madogo dhidi ya moja kubwa hushuka kutoka mara mbili hadi karibu mara moja na nusu. Bado ni faida. Lakini hiyo ni hewa iliyotulia tuli. Pakiwa na mkeka wa joto na safu mbili za vimo tofauti, hewa inatembea, na hapo eneo linarudi kuwa na uzito wake.

#12 DadaKinyonga
Salaam wote. Naomba nitoe angalizo kwa watakaoupitia uzi huu baadaye. Haya yote ni ya nyoka na mijusi wa sakafuni. Msije mkachukua kontena, mkalitoboa ubavu, mkamweka kinyonga ndani. Kinyonga anataka kimo, matawi, na wavu pande zote ili hewa ipite moja kwa moja, na hewa iliyosimama humletea maradhi ya mapafu haraka. Jambo la pili ni taa. Plastiki nyingi, sawa na kioo cha kawaida, huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya UVB (aina ya mionzi ya urujuanimno, kama iliyomo kwenye mwanga wa jua), kwa hiyo ukiweka taa ya UVB juu ya mfuniko mzima unapoteza umeme bure. Anayetaka kuitumia akate dirisha kwenye mfuniko na kuweka wavu wa chuma, akijua kwamba hata wavu hupunguza kiasi fulani.

#13 MjusiWaJangwa
Dada yetu hawezi kuingia kwenye uzi wowote bila kumtaja kinyonga, na leo amefanya vizuri kumtaja. Kuhusu dirisha la wavu, naongeza kwamba polipropilini haishiki gundi. Silikoni ikikauka unaibandua kwa ukucha, na gundi ya moto nayo hukaa kwa muda tu kisha inaachia, mara nyingi usiku. Funga wavu kwa bolti ndogo na nati, au kwa riveti, huku kingo za wavu zikibanwa kati ya plastiki mbili. Nyaya zilizokatwa zikibaki wazi upande wa ndani, mjusi atajichana pua.

#14 NyumbaYaNyoka
Kila mmoja anazungumzia hewa, na hakuna aliyezungumzia kutoroka. Nyoka akipitisha kichwa, mwili wote unapita. Kwa vifaranga vya nyoka wa mahindi (Pantherophis guttatus), ambao wakitoka yaini ni wembamba kuliko penseli, mimi sizidishi milimita 3, na kila kontena lina vifungio pande zote mbili, kwa sababu nyoka huanza kwa kusukuma pembe ya mfuniko kabla hajajaribu matundu. Kwa mjusi-chui hatari ya kutoroka kupitia tundu ni ndogo, lakini nyenje wadogo unaomlisha watapita kwenye tundu la milimita 5 na kuhamia chumbani kwako.

Jambo jingine nawaomba mlichukulie kwa uzito. Watu wakiona wametoboa mengi, huziba kwa selotepu kutoka nje. Tundu lililozibwa hivyo linaacha kiduara cha gundi kikitazama ndani. Niliwahi kuitwa kumsaidia jirani ambaye nyoka wake mchanga alikuwa amenasa hapo kidevu, na katika kujitoa akauvuta utepe wote ndani ya kontena na kujizungushia shingoni. Tulimpaka mafuta ya kupikia kwa ncha ya pamba, tukisubiri gundi ilegee, kisha tukaubandua utepe milimita kwa milimita kuelekea mkiani. Kuubandua kuelekea kichwani kungeinua magamba. Ilichukua karibu jioni nzima, na bado magamba mawili ya kidevuni yalitoka na utepe. Selotepu isiwe karibu na nyoka kabisa, ndani wala nje. Ukitaka kuziba tundu, tumia bolti fupi yenye kichwa cha mviringo, kichwa kikiwa ndani na nati nje.

#15 TabibuWaMagamba
Asante NyumbaYaNyoka, mafuta ndiyo njia sahihi, na hakuna haja ya kuvuta kwa nguvu hata mara moja. Mimi ni daktari wa mifugo na nawaona wanyama hawa mara kwa mara, kwa hiyo nitazungumzia kile kinachofika mezani kwangu.

Kontena lisilopitisha hewa likiwa na unyevu mwingi huleta vidonda vya magamba ya tumbo, ambayo hubadilika rangi na kuwa laini, pamoja na maambukizi ya njia ya hewa. Dalili za maambukizi ni mnyama kupumua mdomo wazi, kutoa mapovu puani au mdomoni, kuinua kichwa kwa muda mrefu, na sauti ya kukoroma. Kontena lililotobolewa kupita kiasi huleta gamba lisilotoka, na kwa mijusi gamba hilo hubana vidole hadi damu isipite na kidole kikatike. Na matundu yenye makali huleta pua zilizochubuka, hasa kwa wanyama wanaozunguka ukutani usiku wakitafuta njia ya kutoka. Ukiona pua imekwanguka usiishie kulainisha tundu, jiulize pia kwa nini mnyama anataka kutoka: joto limezidi, maficho hayatoshi, au ana njaa.

Kuhusu #2, kwamba mahitaji ya oksijeni ni madogo: hilo ni kweli kwa mnyama aliyepumzika. Chatu mkubwa wa Burma (Python bivittatus) baada ya mlo mkubwa anaweza kupandisha matumizi yake ya oksijeni zaidi ya mara 10. Kontena lenye mpira wa kuzuia hewa kwenye mfuniko halina usalama kwa nyoka anayemeng'enya, hata kama anaonekana ametulia.

#16 ChatuMtulivu
Asante daktari. Nakubali kuhusu mnyama aliyekula, na kwa makontena yenye mpira nadhani njia rahisi ni kuung'oa mpira wenyewe. Kwa kontena la mleta mada bado nasimama na unyevu kama sababu kuu.

#17 MwanaWaFundiRedio
Swali la mwisho la mleta mada halijajibiwa. Mimi natumia chuma cha kulehemu cha umeme, kile cha mafundi redio, na sioni sababu ya drili. Hakuna ufa, hata kwenye polistairini. Tundu linatoka la mviringo na ukingo wake umevimba kidogo, hauna ukali. Kwa kontena la kina kirefu, nani ataingiza mwili wa drili ndani ili atoboe kwenda nje kama #3 anavyotaka? Chuma cha kulehemu kinaingia bila shida. Fanyeni kazi hiyo nje ya nyumba, upepo ukielekea mbali nanyi, mnyama akiwa hayupo kabisa, kisha osheni kontena kwa maji ya sabuni na kuliacha wazi hadi harufu iishe.

#18 FundiKekee
Mwanangu, kuhusu kina cha kontena uko sawa kwa makontena madogo, na hapo mimi hutoboa kutoka nje nikiwa nimebana ubao kwa ndani, kisha nasafisha ndani kwa biti pana ya kupanua mdomo wa tundu, nikiizungusha kwa mkono tu, bila mashine. Inachukua nukta chache kwa kila tundu na inaacha ukingo uliolala.

Kuhusu moshi siwezi kukubaliana nawe kirahisi. Polipropilini huyeyuka karibu na nyuzi 160, na chuma chako kinafika 300 na zaidi, kwa hiyo huiyeyushi tu, unaiunguza. Polistairini ikiungua hutoa mvuke wa stairini, ambao si wa kuvuta, na plastiki ya PVC ikiungua hutoa gesi yenye asidi. Na ule ukingo unaousifu, ukiutazama kwa karibu utaona nyuzi nyembamba zilizovutika wakati chuma kinatoka. Zikipoa huwa ngumu na zenye ncha. Kidole chako hakizihisi kwa sababu ngozi yako ni nene, pua ya kifaranga cha nyoka itazihisi.

#19 MwanaWaFundiRedio
Nyuzi hizo hutokea ukichomoa chuma kwa haraka. Ukikizungusha kidogo huku ukikitoa hazitokei, na zikitokea wembe unazimaliza. Moshi nakubali, ndiyo maana nimesema nje.

#20 UnyevuKwanza
Kabla mtu hajatoboa tundu la kwanza, apime kipimaunyevu chake. Vile vya mshale vinavyobandikwa ukutani hukosea sana. Chukua chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, iloweshe maji kidogo hadi iwe uji mzito bila kuyeyuka yote, iweke pamoja na kipimo kwenye mfuko uliofungwa kabisa, uviache usiku kucha. Ndani ya mfuko unyevunyevu utasimama kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 68, unajua kinapunguza kwa 7. Nusu ya mabishano ya uzi huu nadhani yanatokana na vipimo ambavyo havijawahi kujaribiwa.

Na kuhusu safu mbili za HesabuZaHewa: safu ya chini upande wa baridi itapuliza hewa kavu moja kwa moja kwenye kificho chenye unyevu, ambacho mleta mada amesema kiko upande huohuo. Mimi ningehamishia safu ya chini kwenye ukuta mrefu, katikati.

#21 HesabuZaHewa
Ikiwa katikati, upande wa baridi utabaki na hewa iliyosimama, na huko ndiko matone yalikoonekana. Ningeiacha upande wa baridi, kisha nikigeuze kificho ili mlango wake utazame upande wa joto na mgongo wake uwe kwenye matundu.

#22 MjusiWaJangwa
Mimi bado ni wa mfuniko kwa mjusi-chui. Matundu machache ya mfuniko juu ya mkeka yanafanya kazi ileile ya safu ya juu, na tena ni rahisi kutoboa kwa sababu mfuniko unaulaza bapa juu ya ubao.

#23 GambaLaini
Nawashukuru wote, nimejifunza zaidi ya nilichouliza. Nitaanza na biti ya milimita 3 na safu ya juu upande wa joto, nitoboe kutoka nje na kusafisha ndani kama ilivyoelezwa kwenye #18, niweke vipimo viwili vilivyojaribiwa kwa chumvi, kisha niangalie matone ya asubuhi kabla ya kuamua safu ya chini iwe wapi. Swali moja limebaki: waya wa kihisi cha themostati nitaupitisha wapi? Kichwa cha kihisi ni kinene kuliko waya wake, na tundu la kukipitisha litakuwa kubwa mno.

#24 FundiKekee
Toboa tundu la unene wa waya karibu kabisa na ukingo wa juu wa kontena, kisha kata kwa msumeno mwembamba kutoka ukingoni hadi kwenye tundu, upate mfereji mwembamba wenye mwisho wa mviringo. Waya unaingizwa kutoka juu, kichwa hakihitaji kupita popote, na mfuniko ukifungwa unaubana. Usiache mwisho wa mfereji ukiwa na kona, kwa sababu ufa huanzia kwenye kona. Mwisho wa mviringo unausambaza mkazo.

#25 NyumbaYaNyoka
Kwa mjusi-chui sawa. Kwa nyoka mfereji ukingoni ni udhaifu, kwa sababu ni palepale anaposukuma kwa pua kila usiku, na waya ukisogea mfuniko hauketi vizuri. Mimi hutoboa tundu la kichwa cha kihisi ubavuni, chini, karibu na mkeka, kisha najaza nafasi iliyobaki kwa kizibo cha mpira kilichopasuliwa upande mmoja, kikivishwa juu ya waya na kusukumwa hadi kikaze.

#26 FundiKekee
Kizibo hicho chatu mkubwa atakisukuma nje siku moja tu. Kifunge kwa nje kwa kipande cha plastiki na bolti mbili.